Kundi la Kimya

1

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, Tusekile Chaula aliona kwamba kuna mtu anakaribia kufa, na hakuruhusiwa kujua ni nani.

Mtu huyo aliitwa 0291. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani mistari mia sita na kumi na miwili ilikuwa ikitembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kila mstari moyo mmoja, na ule wa 0291 ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa tangu alfajiri. Tusekile aliuvuta karibu kwa kidole. Chini yake Mtabiri alikuwa ameandika: asilimia themanini na moja, siku kumi na nne.

Watu wa Njombe walikiita kifaa kile plasta, ingawa kwenye karatasi za mradi jina lake lilikuwa Ngozi ya Pili. Kilikuwa chembamba mfano wa utando wa kitunguu. Kilibandikwa chini ya titi la kushoto, na hakikuhitaji betri. Joto la mwili lilikitosha. Kilisikiliza umeme wa moyo, kikapima kifua kinavyopanda na kushuka, kikaonja chumvi ya jasho, kisha kikatuma yote hayo Kituoni kila dakika. Hapakuwa na maajabu hapo. Maajabu yalikuwa kwa Mtabiri, programu ambayo Tusekile aliijenga kwa miaka mitano ya uzamivu na minne mingine baada yake, iliyoyasoma yote kwa pamoja na kusema, wiki mbili kabla, moyo gani uko njiani kusimama.

Au ilidai hivyo. Kuhakikisha kama ni kweli ndiyo kazi iliyomleta Njombe. Washiriki wa kundi la onyo, Mtabiri akishtuka, walipigiwa simu waende hospitali. Lakini lilikuwapo pia kundi la kimya. Hao waliulizwa kwenye fomu, kwa Kiswahili chepesi kabisa, "Plasta ikiona hatari, ungependa kuambiwa?" nao wakatia alama kwenye Hapana. Majina yao yalifungiwa kwa Kamati ya Maadili huko Dodoma. Kituoni zilibaki namba tu.

0291 alikuwa wa kundi la kimya.

Tusekile alipaswa kuandika tukio lile na kuendelea na kazi. Badala yake aliurudisha mstari nyuma wiki mbili, kutafuta kosa. Plasta iliyolegea hudanganya. Lakini hii haikuwa imelegea. Alichokikuta ni kitu kingine: kila Jumatano na kila Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, pumzi za 0291 zilibadilika. Zilivutwa kwa haraka na kutolewa kwa urefu, kwa mpango, saa nzima na zaidi. Ndivyo apumuavyo mtu anayeimba.

Aliutazama mstari, na bila kukusudia akaanza kupumua nao. Vuta, toa. Vuta, toa, toa. Alipofika mahali fulani akajikuta anajua pumzi inayofuata itakaa wapi. Ulikuwa wimbo wa mavuno, ule alioutunga Mwalimu Mgaya wa kwaya. Katika ubeti wake wa tatu kuna sauti moja inayoshikiliwa mapigo kumi na sita, na Mwalimu Mgaya haruhusu mtu yeyote kupumua katikati.

Pigo la kumi na moja, 0291 akapumua.

Tusekile aliondoa mkono kwenye kioo kama aliyegusa jiko. Katika kwaya nzima aliyekuwa akiiba pumzi pale ni mmoja tu. Mtu huyo alisimama bega kwa bega na Tusekile kila Jumatano, akiuficha mdomo wake kwa karatasi ya nota.

2

Mkataba wa miaka miwili miwili humfanya mtu asinunue kabati. Tusekile alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, amekwisha kuishi Dodoma miwili, Norwei miwili, na sasa Njombe, na nguo zake zilikuwa bado kwenye sanduku. Watu wakimuuliza kazi yake alisema ni mtafiti wa baada ya uzamivu. "Sasa hapo ni mwanafunzi au mwalimu?" waliuliza. Hata mama yake, kwa simu kutoka Makete, alicheka akasema, "Uko katikati basi. Maziwa yameshaacha kuwa maziwa, na mtindi bado."

Njombe kulikuwa na baridi, ukungu uliokaa mpaka saa nne, na mlango wa jirani ambao haukufunguliwa kamwe akiwa nyumbani. Miezi mitatu ya kwanza alikwenda Kituoni na kurudi. Jumapili moja, akisonga ugali wa mtu mmoja, aligundua kwamba tangu Ijumaa hajafungua kinywa chake. Neno lake la mwisho lilikuwa "asante", na aliiambia mashine ya kuuza mkate pale kwenye kona.

Jumatano iliyofuata alisikia watu wakiimba kanisani, akaingia, akasimama nyuma. Mama mmoja mnene mwenye koti la mvua la kijani aligeuka, akamtazama viatu mpaka kichwa, akasema, "Sogea huku, binti. Huko kuna upepo."

Huyo ndiye Mama Tulizo. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, na binti yake wa pekee, Tulizo, alifanya kazi Mtwara. Alipojua kazi ya Tusekile alimpachika jina la Daktari wa Plasta, akafungua vifungo viwili vya blauzi kumwonyesha kwamba yeye pia amebandikwa, kisha akavifunga na hawakuizungumzia tena plasta ile. Kila Jumamosi alimletea viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, bado vina moto. Kwake tu ndipo Tusekile alipowahi kueleza habari za mashine ya mkate. Walicheka mpaka Mwalimu Mgaya akawagongea meza.

3

Profesa Hokororo, msimamizi wa mradi, alikuwa Dar es Salaam. Uso wake ulitokea kwenye kioo saa sita mchana, miwani imepandishwa kwenye paji.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nimeuona mstari. Umeandika tukio?"

"Nimeandika. Profesa, kuna jambo jingine. Nimemtambua."

Profesa aliinua kiganja. "Usinitajie jina."

"Sikukusudia. Nimemjua kwa pumzi. Tunaimba wote."

"Mungu wangu." Aliishusha miwani. "Tusekile, nisikilize."

"Ana siku kumi na nne, Profesa."

"Ana asilimia themanini na moja ya jambo ambalo hatujui kama ni jambo. Ndiyo maana tunajaribu. Unamkumbuka yule dereva aliyeshiriki majaribio ya kwanza? Mtabiri alisema themanini na sita. Mimi ndiye niliyempigia simu, kwa mkono huu. Mtu wa miaka arobaini. Akaenda kupasuliwa kwa hofu, akafia mezani. Walipoutazama moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Tulimuua kwa utabiri."

"Programu ile ya kwanza ilikuwa na makosa. Nimeyaondoa."

"Umeyaondoa uliyoyaona." Hakusema kwa ukali. "Na huyu alitia alama kwenye Hapana. Hatukumlazimisha."

Tusekile alitazama mikono yake. "Kamati inakutana lini?"

"Baada ya siku kumi na tisa. Nitawaomba waharakishe, nakuahidi. Lakini wewe usiguse. Ukimwambia mmoja, muhuri umevunjika kwa wote."

4

Jumatano baada ya mazoezi walipanda pamoja kilima cha kuelekea kwa Mama Tulizo. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro, ukungu umeanza kushuka kwenye misonobari. Mama Tulizo alisimama mara mbili, mkono kiunoni.

"Kilima hiki wamekiongeza," alisema. "Nilikipima mwenyewe mwaka elfu mbili thelathini na moja. Hakikuwa hivi."

"Tupumzike kidogo, Mama."

"Tumepumzika." Lakini hakuondoka.

Tusekile alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatatu. "Mama, ile plasta yako..."

"Ishia hapo hapo." Mama Tulizo alimshika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Tangu umeingia leo unanitazama mimi tu, hata nota umezikosa. Mimi si mjinga. Sitaki kusikia."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Baba Tulizo aliambiwa. Daktari alimkalisha, akamwambia mwaka mmoja. Alikuwa mtu wa vichekesho yule. Siku ile ile akanyamaza. Tukawa tunamwangalia anavyokula, anavyolala, akikohoa tunakimbia. Aliishi miezi minane, lakini mimi nakwambia alikufa siku ile alipoambiwa. Ile miezi minane tulikuwa tunakaa matanga na marehemu yupo."

"Yale ya Baba Tulizo hayakuwa na dawa."

"Nani kasema habari za dawa? Mimi nasema habari za kutazamwa." Aliuachia mkono. "Niliulizwa kwa ustaarabu, nikajibu kwa ustaarabu. Fomu ile nani aliiandika?"

"Mimi, Mama."

"Basi iheshimu."

Walitembea hatua chache. Kisha Mama Tulizo akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya upole kuliko zote alizowahi kumsikia nazo: "Na ujiulize, mwanangu. Ni mimi usiyetaka nife, au ni wewe unayeogopa kubaki na mashine ya mkate?"

Tusekile alimfikisha getini, wakaagana, akashuka kilima peke yake.

5

Alhamisi Mtabiri alisema themanini na tano. Ijumaa akasema tisini. Tusekile alifanya kazi akiwa ameupa mgongo ukuta wa kioo, na kila alipogeuka mstari ulikuwa pale, unatembea. Alimpigia Profesa simu. Kamati ilikuwa imekataa kuharakisha, kwa sababu kundi la kimya halikuwa na dharura katika kanuni zake. Ndiyo maana ya kimya, walijibu. Kanuni ile nayo aliiandika Tusekile mwenyewe, kwenye meza ya Dodoma, wakati watu wote wa dunia walikuwa kwake namba.

Jumamosi Mama Tulizo hakuja mazoezini. Upande wa bega la kushoto la Tusekile ulikuwa wazi, na baridi ya dirishani ilipita hapo moja kwa moja. Katikati ya ubeti wa pili aliweka karatasi chini akatoka, Mwalimu Mgaya akimshangaa. Nje alifungua simu. Mstari ulikuwa bado unatembea. Tisini na tatu.

Alipanda kilima, akamkuta Mama Tulizo shambani nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya matuta ya viazi, jembe limelala kando. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za raba zimezama kwenye nyama.

"Nimepumzika tu," alisema Mama Tulizo. "Kwaya imeisha mapema?"

Tusekile alisimama kwenye ukingo wa tuta. Hoja alizokuja nazo njiani zote zilikuwa zimemtoka.

"Moyo wako unasimama, Mama. Wiki hii, au ijayo. Kuna mtambo mdogo, ukubwa wa punje ya harage, wanaupitishia kwenye mshipa wa paja. Kwa saa moja tu wamemaliza. Huenda nimekosea. Kuna mtu tulimwambia akafa bure. Lakini sidhani kama nimekosea."

Kunguru mmoja alitua kwenye uzio, akaruka tena.

"Umenifanyia hivyo?" aliuliza Mama Tulizo.

"Nimefanya."

"Kitu nilichokukataza kwa kinywa changu."

"Ndiyo, Mama."

"Na ni kwa ajili yangu?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Tusekile alijaribu, neno likakataa. "Sijui. Sehemu kubwa ni kwa ajili yangu."

Mama Tulizo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kipimo alichokitarajia. Tusekile alimnyoshea mkono amnyanyue. Hakuupokea. Alivuta jembe, akaliegemea, akasimama mwenyewe, na ilimchukua muda.

"Sasa siwezi tena kutojua," alisema. "Hata nikikaa hapa, nitakaa nikisikiliza kifua. Mpigie Tulizo. Mwambie wewe, kwa maneno hayo hayo uliyoniambia. Mimi sina nguvu ya kuyarudia."

Tusekile alipiga simu pale pale, kati ya viazi. Tulizo alilia upande wa pili, akauliza maswali ya haraka haraka, akashukuru mara nyingi mno. Muda wote huo Mama Tulizo alikuwa anakwenda nyumbani taratibu, hakutazama nyuma. Gari la wagonjwa lilipokuja alipanda akiwa amevaa koti lake la kijani, akamwambia mhudumu afunge mlango.

6

Jumapili Tusekile aliandika taarifa dhidi yake mwenyewe. Alieleza alivyomtambua mshiriki, alivyoambiwa asiguse, alivyogusa. Aliisoma mara moja, akaituma kwa Kamati na kwa Profesa.

Jumanne asubuhi, wodini, moyo wa Mama Tulizo ulisimama. Kwa kuwa walikuwapo watu na mitambo, uliamshwa baada ya dakika mbili, na mchana ule ule akawekewa ile punje ya harage. Tusekile aliyaona yote kwenye ukuta. Mstari ulilala. Ukatulia hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyodhani mtu anaweza kustahimili akiwa amesimama, kisha ukaruka. Hapakuwa na mtu chumbani wa kumwambia. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

Profesa Hokororo alipiga simu siku ya pili. Hakuwa na hasira, na Tusekile angependelea hasira.

"Mtabiri wako alikuwa sahihi," alisema. "Hongera. Hatuwezi kuitumia kesi hii kama ushahidi. Wanakwaya wote walioshiriki wametolewa, kwa sababu wanajua. Mji mzima unajua. Kundi la kimya lote litaanzwa upya, mkoa mwingine. Mwaka mmoja, labda na nusu."

"Najua, Profesa."

"Katika mwaka huo watu watakufa nchi nzima, ambao Ngozi ya Pili ingewawahi. Hao hutawajua hata kwa namba. Sikuambii ili nikuumize. Nakuambia kwa sababu mimi nitakuwa ninawafikiria, na sitaki kuwafikiria peke yangu."

Tusekile alifuta uso kwa kiganja. "Wewe ungefanya nini?"

Alifikiri kwa uaminifu, ilionekana. "Nisingejiunga na kwaya," alisema.

Mkataba wa Tusekile haukuongezwa. Alimtumia Mama Tulizo ujumbe mmoja hospitalini, na wa pili alipotoka. Jibu lilitoka kwa Tulizo: Mama anaendelea vizuri. Anaomba usimpigie. Mimi nakushukuru maisha yangu yote.

Akarudi Makete. Kituo cha afya cha Lupila kilikuwa kinatafuta fundi wa vifaa tiba, naye akaomba, na mganga mkuu alipoona vyeti vyake alimuuliza mara mbili kama hakukosea ofisi. Kazi ilikuwa kupima kama vipimo vinapima sawa: mizani ya watoto, mashine za presha, vipimajoto. Asubuhi alizunguka vijijini na pikipiki ya umeme, mchana alikaa barazani na bisibisi. Usomi haukumwuliza habari zake tena. Makala aliyokuwa ameianza ilitoka ikiwa na majina ya watu wengine, akaisoma, akaiona ni nzuri. Watu wa Lupila walimsalimia vizuri na kumwita Daktari, na hakuna aliyejua kitu. Jioni alisikia kwaya tatu tofauti kutoka mabonde matatu. Hakwenda hata moja.

Ikapita miezi minane.

Mwezi wa sita, siku ya baridi kali, basi la Njombe lilisimama mbele ya kituo saa saba mchana. Tusekile alikuwa barazani na mashine ya presha iliyofunguliwa mapajani. Aliyeshuka alikuwa amepungua nusu ya mwili, ana fimbo. Alimjua kwa koti.

Alisimama haraka mpaka skrubu zikamwagika. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama Tulizo aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akapumzika kwanza. "Narudi na basi la saa tisa. Nimekuja kukuambia neno moja, sikutaka ulisikie kwa mtu. Sijakusamehe."

"Najua."

"Hujui. Nikiamka asubuhi nahesabu. Mimi nilikuwa sihesabu. Tulizo amehamia kwangu, ananitazama ninavyotafuna. Nikiinama kuchukua kitu sakafuni, wanaruka watu wawili. Ndicho nilichokikimbia, nawe ukakifuata, ukanikabidhi mkononi."

Tusekile alikuwa ameshayasema yote hayo mwenyewe, njiani kati ya kijiji na kijiji, lakini kuyasikia kwa sauti ile ilikuwa kazi nyingine.

"Na mwezi wa nne Tulizo kajifungua," aliendelea Mama Tulizo, kwa sauti ile ile, akitazama barabarani. "Mtoto wa kike. Nilikuwa mtu wa kwanza kumbeba, kabla hata ya mama yake. Alikuwa ananukia vizuri sana." Aliizungusha fimbo mkononi. "Nimejaribu kuyapima haya mawili. Nimepima maisha yangu yote, mabonde, vilima, viwanja vya watu wenye ugomvi. Haya yamenishinda. Hakuna mpaka kati yake. Nikishika hili na lile linakuja nalo."

Mgonjwa mmoja alipita, akawasalimia, wakaitikia wote wawili.

"Umekula?" aliuliza Tusekile.

"Sijala."

Alimpeleka chumbani kwake, nyuma ya stoo ya dawa. Akasonga ugali, akapasha maharage, akaongeza figili iliyokaangwa. Walikula bila mazungumzo mengi. Mama Tulizo aliuliza kama mama yake Tusekile ni mzima, akajibiwa ni mzima. Aliuliza kama kuna chumvi, akapewa, akakumbuka kwamba amekatazwa, akatia kidogo hivyo hivyo. Tusekile aliona, akainamisha macho kwenye sahani, asimtazame.

Saa tisa kasoro walirudi barabarani. Basi lilikuja likiwa na watu wachache. Mama Tulizo alipanda ngazi ya kwanza, akapumzika, ya pili, akageuka.

"Mwezi wa kumi nitakuja tena," alisema. "Nitakuwa bado sijakusamehe."

"Njoo tu, Mama."

Mlango ulifungwa. Tusekile alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi barazani, akapiga magoti kutafuta skrubu zake moja moja chini ya benchi.